TV Inayofikiri Sana

TV ya chogo ilikuwa haifikiri, na huo ndio uliokuwa uzuri wake. Ukiiletea picha inaimwaga kwenye kioo pale pale, mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, bila kuuliza imetoka wapi. TV bapa ni msomi. Ukiiletea picha inaipokea, inaikagua, inailainisha, inaipaka rangi upya, ndipo inakuruhusu uione. Kwa tamthilia ya Kituruki hakuna neno, maana yule bwana akichelewa kulia kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakuna anayedhurika. Mario wa kwenye gemu, aliyesimama ukingoni mwa shimo, hana akiba hiyo ya muda.

Mashine yangu ya gemu ni nakala ya Famicom. Nintendo waliitoa Famicom halisi Japani mwaka 1983. Nakala zake zilitufikia Dar miaka ya tisini, wakati Bara ndiyo kwanza tunapata vituo vya televisheni, kwa hiyo kwa watoto wengi TV na gemu viliingia nyumbani kwa mkupuo mmoja. (Wazanzibari, mliokuwa na TV ya rangi tangu 1973, shikamooni.) Yangu ilikuja na padi mbili, bastola ya plastiki, na kanda iliyoandikwa gemu 9,999 kwa herufi za dhahabu. Ndani zilikuwa chache tu, zikijirudia kwa majina mapya. Mama aliihifadhi kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na juzi alipoamua kupunguza vitu, kilichotolewa kwanza ni mashine yangu. Vyombo bado vinawasubiri wageni.

Mashine ina nyaya mbili, wa njano wa picha na mweupe wa sauti. TV yetu mpya, ukiizungukia nyuma, ni HDMI tupu. Kariakoo nikauziwa kiboksi cha plastiki chenye matundu ya rangi upande mmoja na tundu la HDMI upande wa pili. "Kaka, hiyo ni kuchomeka tu," akasema muuzaji. Sijui kama kuna sentensi nyingine iliyokwisha kuharibu Jumapili za watu wengi kiasi hicho.

Kuchomeka nikachomeka, na picha ikaja. Ikaja pana. Picha za zamani zina umbo la nne kwa tatu, kioo cha sasa ni kumi na sita kwa tisa, na kiboksi kilikuwa kimeshaamua kuwa nafasi ya pembeni isipotee bure. Mario, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa mwembamba, akaongezeka theluthi nzima ya upana bila kula hata uyoga mmoja.

"Anko," akasema mpwa wangu, "ndiye huyu mliyekuwa mnampenda?"

Kisha kobe akamgusa, na Mario akatoweka. Kwa kawaida akiguswa akiwa mkubwa hupungua na kumeta-meta, na katika muda huo hadhuriki. Mashine humchora katika picha moja na kumficha katika inayofuata. Sasa, mashine hizi hutoa picha nzima yenye mistari 240 hivi, mara 50 au 60 kwa sekunde. Matangazo ya TV ya zamani yalikuwa na ujanja tofauti: yalituma nusu ya picha, mistari ya shufwa, kisha nusu nyingine, mistari ya witiri. Kiboksi cha bei chee kinaujua ujanja huo mmoja tu. Kikipewa picha mbili kamili kinaamini ni nusu mbili za picha moja, kinazisuka pamoja, na Mario aliyekuwepo na Mario asiyekuwepo wanaunganishwa kuwa michirizi. Mara nione kofia, mara nione shavu, mara nisione kitu. Nikawa naongoza kumbukumbu ya mtu.

Na ucheleweshaji ndio usiseme. Kiboksi kinashika picha, TV nayo inaishika, na kidole changu kimeshabonyeza zamani. "Anko, mbona unaruka ukiwa umeshakufa?" Sikumjibu. Nikachukua rimoti nikaingia kwenye mipangilio, ndani ya mipangilio nikakuta mipangilio ya ziada, na chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye kazi zake hawezi kufika, nikakuta hali ya gemu. Hii huiambia TV ipunguze kufikiri. Mambo yakapata nafuu, mpaka saa mbili usiku mke wangu alipokaa kwenye kochi na kuuliza nani amegusa TV, mbona Istanbul yote imepauka.

Shemeji yangu anafanya kazi Muscat. Nilipomweleza kuwa ninachohitaji ni skela ya kweli, kifaa cha kukuzia picha kilichotengenezwa mahsusi kwa mashine za zamani, alinisikiliza kwa heshima zote, na aliporudi likizo akaniletea OSSC. Kifaa hiki kilibuniwa na Markus Hiienkari wa Finland, na nikiulizwa mimi, kina akili ya kiasi kinachotosha. Hakihifadhi picha hata moja. Kila mstari unaoingia kinautoa mara mbili, mara tatu, hadi mara tano, papo hapo, na ucheleweshaji wake hauonekani kwa macho ya binadamu. Kina matundu ya kijani, buluu na nyekundu. Kina tundu la VGA. Kina hata tundu la SCART la pini 21, urithi wa Wafaransa.

Tundu la njano hakina.

Shemeji alikuwa amesimama pale akisubiri kuona furaha yangu, nami nikaionyesha. Ndipo PlayStation 2 yangu ikatolewa kwenye boksi lake, kwa kuwa yenyewe inaweza kutumia waya wa rangi tatu, na inacheza pia diski za PlayStation ya kwanza. Nikaweka mistari izidishwe mara tano. TV ikafikiri, kisha ikaandika kuwa mfumo huo haukubaliki. OSSC hupitisha mwendo wa mashine kama ulivyo, na mwendo wa mashine za zamani hauendani barabara na viwango vya leo. TV nyingine huvumilia, yetu ilitaka vyeti. Tukashuka hadi mara mbili, ikakubali. Picha ikawa kali mpaka ikawa ya aibu: ule weusi laini wa kwenye kivuli ulikuwa nukta nukta muda wote, na waya wa njano ndio uliokuwa ukitusitiri. Wachoraji walilijua hilo. Maporomoko ya maji katika Sonic ya 1991 yamechorwa kwa mistari iliyosimama, na ukungu wa waya mbovu ndio ulioyageuza kuwa maji. Leo kuna RetroTINK 4K ya Mike Chi, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 750, karibu shilingi milioni mbili, na moja ya sifa zake kubwa ni kuigiza TV ya chogo vizuri. Milioni mbili, kurudishiwa ukungu niliokuwa nao bure!

Halafu baadhi ya gemu za PlayStation ya kwanza huchezwa kwa mistari 240, ila ukifungua menyu zinahamia 480. Chogo ilipita hapo bila kukohoa. TV bapa inazimika, inaandika hakuna mawimbi, inatafakari, inarudi. Ukifunga menyu inaanza upya. Mpwa wangu alishauri nisiwe nafungua menyu, kwa hiyo shujaa wangu akapigana hadi akafa na mfuko umejaa dawa.

Ikabaki bastola. Katika Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, ukivuta kifyatulio kioo hugeuka cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe hutokea pale bata alipo, na bastola, ambayo kimsingi ni jicho tu, inatazama kama inaona mwanga. Hesabu hiyo inategemea mwanga utokee katika muda ule ule mashine inaoutarajia. Ukiipitisha kwenye kiboksi na TV bapa, mwanga unafika bastola ikiwa imeshafumba jicho. Bata wakaruka wote salama, na mbwa wa kwenye gemu akainuka kwenye majani kunicheka. Nikasogea karibu, akacheka. Mpwa wangu akagusisha mdomo wa bastola kwenye kioo kabisa, na mbwa akacheka tena, mpana, theluthi nzima zaidi.

Hilo skela haiponyi, ya Finland wala ya milioni mbili. Nikamwendea fundi wa mtaani, ambaye TV yake ya chogo inchi 21 ilikuwa imebeba feni mlangoni. Mwaka jana alimwomba muokota vyuma aichukue, akakataliwa.

"Unaitaka ya nini?" akaniuliza.

"Gemu."

Akaitoa feni, akaifuta vumbi, na bei ikazaliwa hapo hapo. Tukakubaliana elfu sitini baada ya yeye kuapa kuwa mashine hizo hazitengenezwi tena. Mke wangu alipopigiwa simu alitaka kujua jambo moja, chogo lenyewe litakaa upande gani wa ukuta. Bodaboda niliyemwita, kijana anayebeba vitanda na mbuzi, aliinua upande mmoja, akaushusha, akawasha pikipiki akaondoka. Bajaji akakubali kuipakia siti ya nyuma, ila kwa nauli ya abiria wawili, mimi nikae mbele.