Namna ya Kuiua Redio ya Babu kwa Hatua Saba

Mwongozo huu ni wa yule bwana wa Diani, Ukunda au Msambweni aliyeachiwa na mzee wake redio ya valvu juu ya kabati, iwe Philips, Murphy au Bush, na ambaye hana subira. Redio hiyo ilikuwepo Sauti ya Kenya (VOK) ilipoanza mwaka 1964. Ilikuwepo bado VOK ilipogeuzwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, ingawa wakati huo ilikuwa kimya, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Imevumilia kusi na kaskazi, chumvi ya bahari na mende. Haijafa. Kazi ya kuiua umeachiwa wewe, na ukifuata hatua hizi utakuwa umemaliza kabla ya adhuhuri.

Ya kwanza: ichomeke. Usiifungue, usiipanguse, sema tu, “Hebu tuiwashe tuone.” Ndani mna kapasita za karatasi: ukanda wa karatasi na ukanda wa bati jembamba, vimeviringishwa pamoja na kuzibwa kwa nta. Nta huzuia unyevu kwa muda, lakini hewa ya Pwani haina haraka. Karatasi ikishalowa, kapasita huanza kupitisha stima pale ilipowekwa kuizuia. Mbaya kuliko zote ni ile iliyo kati ya valvu ya kwanza ya sauti na valvu ya mwisho inayoendesha spika. Upande mmoja ina volti kama mia hivi. Upande wa pili, kwenye gridi ya valvu ya mwisho, hapatakiwi volti chanya hata chembe. Ikivuja, valvu ya mwisho huvuta umeme kupita kiasi, hupata moto, na transfoma ya spika huungua nayo. Kapasita ya bei ya andazi imekula transfoma usiyoweza kuipata dukani. Hongera.

Wapo waoga wanaounga balbu ya wati 60, ile ya uzi, kwenye waya mmoja unaoingia redioni. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, mambo si mabaya. Ikibaki inawaka vile vile, ndani mna shoti. Ukilazimika kuwaiga, tumia ya LED. Haitakuambia kitu.

Ya pili: usisome maandishi ya nyuma. Vijiji vingi vya Kwale vilipata redio kabla ya kupata stima, na redio za huko zilitumia betri: volti 90 kwa upande mmoja, volti 1.5 za kupashia valvu kwa upande mwingine. Ukiitia kwenye soketi ya volti 240, valvu zote zitaungua kwa pamoja kabla hujasema bismillahi. Karatasi ya mchoro iliyobandikwa ndani ya kifuniko nayo ing’oe uwashie jiko. Ingekuonyesha kila kapasita na kipimo chake.

Ya tatu: shika chasi. Redio nyingine za enzi hizo hazina transfoma ya stima. Chasi yake imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani, na plagi ikigeuka, bati lote lina volti 240, pamoja na kile kiskrubu kinachoshika nobu ya sauti. Hata ukichomoa, kapasita kubwa za elektrolitiki huweza kubaki na volti mia mbili na zaidi. Mafundi wazee huchomoa, husubiri, humwaga chaji kwa rezista, kisha hupima kwa mita ndipo waguse. Ndiyo maana wamefika uzeeni.

Ya nne: ng’oa kapasita zote kwa mpigo. Zikusanye ndani ya sufuria. Usipige picha kwa simu, usichore. Aliyezoea kazi hii hutoa moja, hutia moja, kisha huendelea na nyingine. Kwa mwendo huo akikosea anajua kosa liko wapi. Wewe utakuwa na nyaya ishirini zinazoning’inia na kumbukumbu ya jana.

Ya tano: nunua yoyote. Mtu wako akienda Nairobi, aingie Luthuli Avenue aseme anataka “kapasita za redio.” Akiulizwa mikrofaradi ngapi na volti ngapi, akasirike. Iliyoandikwa volti 16 itiwe pahala pa ile ya 450, itapasuka vizuri sana. Elektrolitiki ina upande wa chanya na wa hasi. Igeuze, nayo itapasuka vile vile. Wabahili wa maarifa hutia 33 pahala pa 32, na 47 pahala pa 50, nayo hufanya kazi. Wewe tia 220, kwa kuwa kubwa ndiyo bora. Valvu ya kunyosha umeme kama EZ80 imewekewa kikomo cha mikrofaradi 50 kwa kapasita ya kwanza, lakini hiyo ni shida yake. Na ile inayokaa katikati ya nyaya mbili za stima, usiitafutie ya aina ya X2 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Moto nao una haki yake.

Ya sita: kaza skrubu zilizolegea. Utaona vikopo vya bati, na juu yake skrubu ndogo ambazo fundi mzembe wa kiwandani alisahau kuzikaza. Zikaze mpaka mwisho. Ndizo zilizoshika mpangilio wa masafa, na sasa redio haitashika kituo chochote. Ukiwa hapo, ng’oa pia kapasita za maika na za seramiki, ambazo kwa kawaida ni nzima.

Ya saba: ilaumu kwa kukosa FM. Ilitengenezwa kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na kapasita mpya hazitaigeuza dini. Itangaze kuwa maiti, itoe utumbo, tia spika ya Bluetooth, uiuze hoteli ya ufukweni. Mtalii ataisogelea apige picha.

Ikiwa umezembea hatua zote hizi, yaani ulifungua kwanza, ukapima, ukabadilisha za karatasi na za elektrolitiki moja moja, ukaacha skrubu zilivyo, basi umeharibu kila kitu. Valvu zitapata joto polepole, spika itakoroma kidogo, na usiku ukizungusha masafa mafupi utasikia watu wa mbali wakizungumza. Asubuhi jirani wa Gazi atakuja na Murphy ya marehemu baba yake kichwani, na huwezi kumwambia huna kapasita, maana ameziona zilizobaki mezani.