Usilitukane Tone la Oili

Hakuna kinachotukanwa katika gereji za Migori na Homa Bay kuliko tone la oili lililoanguka chini ya Subaru. Mwenye gari hulitazama kama aibu ya ukoo. Fundi hulikunjia uso kabla hajauliza limetoka wapi. Jirani akiona doa jeusi kwenye kabro za maegesho, hukohoa kidogo kisha hushauri gari liuzwe. Hukumu zote hizo zimepitishwa na mshtakiwa hajasikilizwa. Nimejitwika kazi ya kumtetea, wala sitamwombea huruma. Ninachodai ni kwamba ndani ya gari la mbio lililokwisha kutumika, uvujaji wa oili ndio shahidi pekee anayesema kweli kwa hiari yake na mapema, na kwamba hasara nyingi tunazombebesha hutokana na sisi kumsikiliza vibaya.

Tazama kwanza anaishi na akina nani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Subaru Impreza ya zamani inayonguruma leo kati ya Rongo na Homa Bay imekaa nchini muda mrefu na kupita mikono ya watu wengi, na kila mkono uliacha siri yake. Tangu Colin McRae aishinde Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda na Subaru mwaka 2000, kila kijana mwenye ufunguo wa gari hilo hujiona ana hisa katika ushindi ule. Bomba la nyuma limepanuliwa ili lipige kelele kuliko nguvu zilizopo. Geji ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Injini huoshwa na kupakwa dawa ya kung'arisha asubuhi ile mnunuzi anapotarajiwa. Hata ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, ambayo wengi huiamini kama nabii, haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Inapowaka gari likiwa mwendoni, oili imekwisha kushindwa kufika kwenye beringi, na injini huenda imeshaanza kunoki. Tone lilikuwa limeshaeleza habari hiyo hiyo wiki kadhaa kabla, pale chini, kila asubuhi.

Watu husema linadanganya kwa sababu haliangukii pale linapotokea. Ni kweli haliangukii pale, lakini kosa si lake. Oili hufuata mteremko, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo chanzo karibu kila mara kiko juu na mbele ya tone. Hapo ndipo elimu inapoanza. Injini ya Subaru haikusimama kama ya Probox. Silinda zake zimelazwa ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Kifuniko cha vali, ambacho kwenye Probox kiko juu kabisa, hapa kimetazama pembeni, na ukingo wake wa chini umelowa oili mchana na usiku. Gasketi yake ya mpira huchemka na kupoa, huchemka na kupoa, mpaka ikakauka na kuwa ngumu kama plastiki. Oili inayopenya hapo huangukia ekzosi iliyo chini yake, na ndiyo maana harufu ya oili iliyoungua huingia ndani ya gari linaposimama kwenye makutano ya Rodi Kopany, si linapokimbia. Sili ndogo zinazozunguka mashimo ya plagi zikichoka nazo, oili hujaa humo ndani na injini huanza kukosa moto. Mbele, nyuma ya kava za mkanda wa taimingi, kuna sili za kamshafti, sili ya krankshafti na pampu ya oili, ambayo skrubu za bamba lake la nyuma zina tabia ya kulegea zenyewe. Nyuma, kwenye zile zenye tabo, kuna bomba jembamba la oili lililofungwa kwa washa za shaba, na washa hizo zikirudishwa za zamani badala ya mpya, huvuja.

Sasa oili ya bomba hilo la tabo, au ya kifuniko cha vali, huteremka mgongoni mwa injini na kudondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Mtu akiinama na kuona doa hapo, hutangaza sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. Giaboksi hushushwa, siku nzima huisha, mwenye gari hulipa, sili mpya hutiwa, na kesho yake tone liko palepale. Nani alidanganya? Shahidi alisema kuna oili inayotoka. Jina la mhalifu alilitaja fundi.

Njia ya kumsikiliza ni rahisi, na haihitaji mashine ya Nairobi. Injini hupigwa brashi kwa mafuta ya taa au sabuni ya girisi ikiwa imepoa, ikasuuzwa, ikakaushwa kwa upepo wa kompresa. Sehemu zinazoshukiwa hupakwa poda nyeupe, hata ile ya watoto inayouzwa dukani. Gari huendeshwa kidogo, mpaka injini ipate joto kamili. Kisha mtu hushika tochi na kipande cha kioo, akaanza kutazama juu kabisa akishuka, wala si chini akipanda. Mstari wa kwanza wa unyevu kwenye poda ndio chanzo. Mazingira ya huku yanasaidia: vumbi jekundu la barabara za murram hushikamana na oili na kuchora ramani ya safari yake, mahali penye tope jipya jeusi na mahali palipoganda zamani. Magari ya miji yenye lami tupu hayana bahati hiyo.

Uvujaji wa aina moja una sifa ya ziada. Ukitokea sehemu tatu au nne kwa pamoja, mara nyingi gasketi hazina hatia. Injini ina vali ndogo ya kupumulia, inayotoa gesi zilizopenya pistoni. Ikiziba kwa masizi, presha hukusanyika ndani na kuitafutia oili njia ya kutokea, kwenye sili iliyo dhaifu kuliko nyingine. Kubadilisha sili na kuiacha vali hiyo imeziba ni kuandaa uvujaji wa pili. Matone hayo manne, yakisomwa pamoja, yanaelekeza kwenye kifaa kimoja kinachotoshea kiganjani.

Wapinzani wana maneno yao. Wa kwanza husema uvujaji ni gharama. Ninaona hesabu imekosewa: gasketi ya kifuniko cha vali ni miongoni mwa spea za bei nafuu katika gari zima, na oili ikifikia mkanda wa taimingi kisha mkanda ukakatika, vali hukutana na pistoni na bei hubadilika kabisa. Gharama ni ya ukimya. Angalia injini inayochoma oili ndani kwa ndani kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa. Hiyo haichafui sakafu, jirani hakohoi, na mwenyewe hutembea kifua mbele. Alama mbili za dipstiki zimeachana kwa takriban lita moja, na lita hiyo huishia hewani bila doa hata moja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na injini kavu kwa nje imewaumbua wengi njiani kuelekea Ndhiwa.

Wa pili husema uvujaji huleta moto. Hapo sina ubishi mrefu. Oili inayomwagika kwa wingi juu ya tabo iliyochemka inaweza kuwaka, na moshi mzito ukitoka kwenye boneti, gari lisimamishwe, watu watoke. Ninalosifu mimi ni tone.

Pingamizi la ziwa ndilo zito. Mvua ikinyesha mjini Migori, kilichomwagwa gereji huteremka hadi Mto Migori, mto huo huingia Kuja, na Kuja huingia Ziwa Victoria. Homa Bay yenyewe imekaa ukingoni, na maji hayo ndiyo ya samaki na ya jikoni. Tone haliwezi kuoshwa hatia hiyo. Lakini likishtakiwa, basi lipandishwe kizimbani pamoja na wenzake wakubwa: zaidi ya lita 4 zinazofunguliwa chini ya Impreza kila sevisi, ambazo katika gereji nyingine humwagwa mtaroni kwa mkupuo, na magari yanayooshwa mtoni kwa sabuni. Oili chafu ikiwekwa mtungini, angalau hupata mteja wa kupaka nguzo za boma zisiliwe na mchwa, ingawa hata hapo huishia udongoni. Tena sikusema tone liachwe lidondoke milele. Shahidi akishatoa ushahidi wake, huruhusiwa kwenda nyumbani, yaani uvujaji hutengenezwa.

Wanaonikera kuliko wapinzani ni wale wanaojidai marafiki wa tone. Kuna anayeongeza oili kila Jumapili na kuendelea na safari, kana kwamba kusikiliza ni kunyamazisha kwa lita moja. Na kuna anayepaka silikoni juu ya uso uliolowa, kwa ukarimu, mpaka ifurike pande zote. Silikoni haishiki juu ya oili, na ile iliyofurikia ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu. Mwingine hukaza bolti za kifuniko kwa nguvu zake zote, kifuniko kikapinda, na gasketi mpya ikaanza kuvuja siku ya kwanza. Bolti hizo ni ndogo na hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kiwanda. Na gasketi hutiwa zote mbili, kulia na kushoto, kwa kuwa zimezeeka pamoja.

Kwa hiyo, ukipeleka gari gereji, iwe Migori, Awendo au Homa Bay, omba injini ioshwe na ikaushwe kabla ya neno lolote kusemwa kuhusu giaboksi. Akija mtu na mrija wa silikoni mkononi injini ikiwa bado imelowa, chukua ufunguo wako uondoke.