Kuifufua karabai ya mjomba

Karabai iliyofufuliwa haimwaibishi mwenyewe akiwa peke yake. Husubiri wageni. Wiki iliyopita ilisubiri shughuli ya arobaini huko Nanganga, pale njia ya Ruangwa inapoachana na barabara ya Masasi: taa ya marehemu, iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu hadi shaba ikang'aa, ilitoa ulimi wa moto ukalamba turubai, ikawamwagia masizi wazee wenye kanzu nyeupe, kisha ikazimika. Shughuli iliendelea kwa tochi za simu. "Mjomba," mzee mmoja alimuuliza mrithi kwa upole, "marehemu alikuachia taa au alikuachia kesi?"

Taa ya namna hii hurithiwa kwa mjomba, kwa kuwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mikorosho hugombaniwa. Karabai haigombaniwi na mtu.

Balaa lake huanzia kwenye jambo moja: karabai haichomi mafuta ya taa, huchoma mvuke wake. Pampu hujaza hewa tangini, hewa huyasukuma mafuta yapande bombani, na bomba, likiwa limeshapashwa moto, huyageuza mvuke. Mvuke huo huchomoka kwenye tundu dogo mno, ukavuta hewa njiani na kuchanganyika nayo, halafu ukawaka ndani ya kifuko cha uzi. Hapo ndipo penye maajabu, maana mwanga hautoki kwenye moto bali kwenye kifuko. Carl Auer von Welsbach wa Austria alikipatia hataza mwaka 1885, na kufikia 1891 alikuwa na mchanganyiko uliompa umaarufu: oksidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Uzi wenyewe huungua siku ya kwanza. Kinachobaki ni kiunzi cha majivu tu, na majivu hayo ndiyo yang'aayo hadi macho yaume. Joto la taa nalo huendelea kugeuza mafuta kuwa mvuke, kwa hiyo ikishashika hujilisha yenyewe. Inachodai ni kuanzishiwa: spiriti kidogo kwenye kikombe chake, iungue mpaka iishe, ndipo pampu. Mwenye wageni hupampu mapema. Mafuta hufika juu yakiwa bado majimaji, na kinachowaka si taa tena.

Mikasa mingine ni midogo. Ngozi ya pampu ikikauka, pampu haishiki hewa mpaka ilainishwe kwa mafuta. Kifuko huvunjika mlango ukibamizwa. Kioo cha moto hupasuka kwa tone moja la mvua.

Mafuta ndiyo kidonda. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Wachakachuaji walikuwa na matangi. Aliyelipa ni bibi wa kibatari, anunuaye kwa chupa ya soda. Tena katika mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, huku vijiji vyake vingi vikiwa gizani wakati huo. Tangi la karabai hubeba takriban lita moja, nayo huisha usiku mmoja. Kwa kiwango cha mwaka ule, arobaini moja ililipiwa ushuru wa shilingi 400 na ushei, kwa ajili ya marehemu ambaye hakuwahi kumiliki hata pikipiki.