Sifa za Mkojo

Damu imetungiwa mashairi, machozi yameimbiwa taarabu, na hata jasho limepata heshima kwa kunasibishwa na riziki ya halali, ilhali mkojo, unaostahili taji kuliko yote hayo, umeambulia maandishi ya rangi nyekundu ukutani yanayoutishia faini. Ni kweli kwamba humwamsha mtu usiku wa manane na kuwashusha abiria wa basi kichakani wakachimbe dawa, lakini usumbufu huo ni ushuru mdogo kwa mtumishi anayebadilika kila saa ili damu isibadilike.

Claude Bernard, mwanafiziolojia Mfaransa wa karne ya 19, aliyefundisha kwamba seli huishi ndani ya majimaji yanayozizunguka, yaani mazingira ya ndani ya mwili, hakuudharau mkojo. Alipoona sungura walioletwa kutoka sokoni wakitoa mkojo mwangavu wenye asidi kama wa wanyama walao nyama, badala ya ule wa ukungu uliozoeleka kwa walao majani, alitambua kwamba wanyama hao walikuwa na njaa na kwamba miili yao ilikuwa ikijila yenyewe. Habari hiyo ya ndani aliipata kwenye mkojo.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo hurudishwa. Kiasi cha kurudishwa huamuliwa na hipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo ambayo seli zake huhisi ukolezi wa damu ukipanda hata kwa asilimia 1 tu: hapo tezi ya pituitari humwaga homoni ya vasopresini, homoni hiyo hufungua vinjia vya maji katika mirija ya figo, maji hurejea kwenye damu, na mkojo hutoka kidogo, mzito, wa manjano iliyokolea. Damu ikishapata maji ya kutosha, hali hiyo yenyewe huizuia homoni isiendelee kumwagwa, na mzunguko huu, ambamo matokeo hurudi kukizuia chanzo chake, huitwa mrejesho hasi. Homoni hiyo ikikosekana kabisa, mtu anaweza kukojoa zaidi ya lita 10 kwa siku; pombe nayo huipunguza kwa muda, na hivyo mnywaji anayelaumu kibofu chake anakisingizia.

Haki inadai ikubaliwe, hata hivyo, kwamba mkojo wa binadamu, ambao huishia kwenye ukolezi wa takriban mara nne ya ule wa damu, si bingwa wa fani hii. Panya-kangaruu wa majangwa ya Amerika Kaskazini hukoleza wake zaidi ya mara nne ya kiwango hicho na huweza kuishi bila kunywa tone la maji, na sifa zote zilizotajwa hapa zingeelekezwa kwake kwanza, kama angekuwa na haja nazo.