Usingizi wa Kazeh

Tabora haijawahi kuwa mji wa kupita mbio, na hilo silisemi kwa kuwateta watu wa kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikifika hapa ilitua mizigo na kulala, tena si usiku mmoja. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857 wakiwa na hamu ya kuliona Ziwa Tanganyika, wakakaa zaidi ya mwezi. Livingstone alibaki Kwihara, jirani na hapa, tangu Machi hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na makubaliano yao yaliishia Unyanyembe, yaani hapa hapa. Mtu akishafika kwao anatua mzigo, anakwenda kuangalia watoto na shamba, na mwenye msafara anabaki na marobota yake ya vitambaa vya merikani na kaniki akitafuta mabega mengine. Kulala Kazeh kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuondoka.

Natanguliza haya ili msomaji asinishangae nikisema kwamba kompyuta ya dukani kwangu nayo ilifika Tabora, ikalala, ikagoma kuamka.

Ni kompyuta ya mezani, lakini ile ndogo ya kisasa, ukubwa wa kamusi. Ilinunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika Dubai, ikaja kwa treni ya reli ya kati, njia ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Ikapita Dodoma, Manyoni, Itigi, Goweko, Igalula, ikafika bila mkwaruzo. Nikaiweka kwenye kaunta ya kioo katika steshenari yangu jirani na soko kuu, nikaiunganisha na printa na kioo cha zamani cha skrini, na wiki ya kwanza ilifanya kazi hata nikaanza kujisifu kwa majirani.

Kisha usingizi ukaanza. Mteja akiondoka, ukakaa kidogo bila kuigusa, ilikuwa inasinzia. Hilo halina ubaya, mashine zote hufanya hivyo ili kupunguza umeme. Shida ilikuwa pale mteja mwingine alipoingia na kitambulisho chake cha kutoa kopi. Unabonyeza kitufe, taa ya mbele inawaka nyeupe, feni inavuma kwa bidii, na kioo kinaandika kwamba hakuna ishara. Halafu giza. Ndani ya boksi kuna uhai wote, nje hakuna kinachoonekana. Foleni inakua, mtu wa nyuma anauliza kama mtandao uko chini, wa mbele anamjibu kwamba hata mtandao haujafikiwa bado.

Siku moja mzee mmoja wa Isikizya, mkulima wa tumbaku, aliinama mpaka usawa wa mashine, akaigonga kwa kucha na kuisalimia, "Mwangaluka!" Tukangoja wote. Haikuitikia. Akaniambia, "Mwanangu, hii si ya huku. Labda umwite mtu aisalimie Kiarabu."

Wakati huo tulicheka. Baadaye ilionekana mzee hakuwa mbali na ukweli.

Maana usiku mambo yaligeuka. Mlinzi wa mtaa wetu alinisubiri asubuhi akiwa na uso wa mtu mwenye habari nzito. "Mama Steshenari, shikamoo. Dukani kwako usiku kuna mtu anachapa." Alikuwa ameona mwanga chini ya shata na kusikia printa ikiguruma, ikitulia, ikiguruma tena. Nikamuuliza saa ngapi. Saa saba ya usiku, akasema, na kwa sauti yake nikajua kwamba ameshafanya uchunguzi wake na ameshapata jina la mhusika: jini. Ndani ya siku mbili kila mwenye kibanda pale alikuwa na maoni. Muuza karanga alishauri nimwage chumvi mlangoni. Fundi cherehani alikuwa na hakika kwamba ni binti wa dada yangu, msaidizi wangu, anachapa barua za mapenzi. Binti akaapa kwa Mungu.

Nikamwita fundi kompyuta. Huyu ni Mzaramo, na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara, kwa hiyo hakuna mazungumzo yetu yanayoanza na kazi. Alipoingia tu akasema, "Nyinyi mmebeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka baharini, leo kijiboksi cha kilo moja kinawashinda?" Nikamjibu kwamba sisi tulikuwa tunabeba, wao walikuwa wanakaa njiani kudai hongo, na kwa bili anazonipa naona kazi hiyo hawajaiacha. Ndipo akakaa.

Kitu cha kwanza alichofanya kilinipendeza kwa sababu hakugusa bisibisi. Alifungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika powercfg /lastwake. Ni swali ambalo mashine hujibu bila kona: nani amekuamsha mara ya mwisho? Ikajibu kwamba ni kipanya. Kipanya chetu kinakaa juu ya kioo cha kaunta, kioo hicho kiko hatua chache kutoka barabarani, na kila lori la tumbaku likipita kaunta inatetemeka. Kipanya kinadhani kimeguswa. Akaandika amri nyingine, powercfg /devicequery wake_armed, ikatoka orodha ya vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuiamsha mashine: kipanya, kibodi, kadi ya mtandao.

Kwenye misafara haikuwa hivyo. Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele mwenye bendera, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia njiani. Aliyethubutu alitozwa faini. Humu kwenye boksi langu kila mtu alikuwa kirangozi. Fundi akawavua wote madaraka akaacha kibodi na kitufe cha kuwashia.

Lakini saa saba ya usiku ilibaki, kwa sababu malori hayafuati saa. Hapo fundi akatazama pembe ya chini ya kioo, kwenye saa ya mashine, akatazama simu yake, akaanza kucheka peke yake. Kompyuta ilikuwa bado inafuata saa za Dubai. Programu ya Windows ina matengenezo yake ya usiku, ambayo kwa kawaida hupangwa saa nane ya usiku, na yana uwezo wa kuiamsha mashine iliyolala ili yafanyike. Saa nane ya Dubai ni saa saba ya Tabora. Jini la mlinzi lilikuwa ratiba, na lilishika muda kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Muscat na Dubai hufuata saa zile zile, kwa hiyo yule mzee wa Isikizya aliyetaka isalimiwe Kiarabu alikuwa na hoja: mashine ilikuwa inaishi kwa saa za Oman ndani ya Kazeh, mji uliokaliwa na Waarabu wa Oman katika karne ya kumi na tisa.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo jingine lililokuwa likinisumbua, kwa nini duka langu linafungwa jua likiwa bado kali. Binti wa dada yangu asubuhi alikuwa anafuata saa ya simu yake, jioni anafuata saa ya kompyuta. Nilipomuuliza akasema, "Mama mdogo, mimi nafuata saa ya ofisi." Huyo atafika mbali.

La kioo kugoma lilikuwa na sababu ya kawaida kabisa. Kioo changu ni cha zamani, mashine ni mpya zaidi, na katikati yao kuna kiunganishi cha bei rahisi. Mashine ikiamka, kiunganishi kinashindwa kuitambulisha kwa kioo, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Fundi alinifundisha kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huianzisha upya draiva ya picha bila kuzima chochote. Kioo kikapepesa na picha ikarudi. Kisha akaweka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji na kuniagizia waya unaoingia moja kwa moja. Tangu hapo kioo hakijagoma.

Msiba wenyewe haukuwa huo. Alikuwepo mstaafu mmoja wa reli aliyekuja kuchapisha historia ya ukoo wake kwa ajili ya kikao cha familia. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, na mzee alimsafirisha kwa mwendo wa miguu: kila kambi na habari zake, kila habari na kituo cha kunusa ugoro. Vituo hivyo vilikuwa virefu. Katika kimojawapo mashine ikasinzia. Mzee akaitazama taa inavyofifia, akasema, "Hata hii inalala nikisimulia. Nilidhani ni wajukuu tu." Kabla hatujaiamsha, umeme ukakatika.

Mashine inapolala hivyo inazima karibu kila kitu, inabakiza umeme kidogo sana wa kuishikilia kazi iliyomo kwenye memori. Kompyuta ya mapajani ina betri ya kuilinda. Hii ndogo ya mezani haina. Umeme ukikatika ikiwa usingizini, yaliyomo kwenye memori yanapotea. Uliporudi, programu ya kuandikia ilituokotea nakala iliyokuwa imejihifadhi yenyewe hapo mwanzo. Babu wa babu alikuwa ameshavuka Ugogo na kuingia Mpwapwa. Tulimkuta Tura, hata Unyamwezi hajatoka. Mzee akavuta pumzi, akavuta na kiti, akasema twende, njia anaijua.

Fundi akaiondolea mashine ruhusa ya kulala mchana. Sasa kinachozimika ni kioo peke yake, na gharama yake kwenye LUKU siioni, maana mashine hizi zikikaa bila kazi hula wati chache kuliko taa za zamani. Jioni tunaipeleka kwenye usingizi mzito, ule mafundi wanaouita haibaneti: inaandika kazi yote kwenye diski, inajizima kabisa, na umeme ukikatika usiku kucha haina cha kupoteza. Akabadilisha na kibetri chake cha ndani, kile cha duara chenye namba CR2032 kinachouzwa hata kwenye maduka ya saa, kwa kuwa kikichoka saa ya mashine hurudi nyuma kila umeme unapokatika. Akaipa majira ya Afrika Mashariki. Kisha akanipa bili, na nikamwambia ndiyo ile ile hongo.

Mlinzi hajaridhika. Anasema jini halikuondoka, limehamia kwa fundi cherehani, na kweli wiki hii cherehani imeanza kukata uzi.

Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, saa za Tabora. Mashine ikitoka kwenye usingizi mzito huchukua muda kidogo kabla ya kukubali kazi, kwa hiyo mwenye kopi moja na avumilie kidogo. Mwenye historia ya ukoo aje Jumamosi, na tafadhali aje nayo imeandikwa.