Naomba Fedha Zangu Zistaafu Thailand

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Uhamiaji,
Ufalme wa Thailand,
Bangkok.

Ndugu Mkuu,

YAH: MAOMBI YA VIZA YA WASTAAFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga, Tanzania. Nimeyasoma masharti yenu ya viza ya wastaafu kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyozoea. Kwanza niwapongeze kwa umri. Kwenu mtu akitimiza miaka 50 mmeshamhesabu mzee wa kupumzika. Huku kwetu mtumishi wa umma husubiri hadi 60, au 55 akiomba kwa hiari, na mwenye miaka 50 ndiyo kwanza anakopa benki amalizie nyumba.

Mnataka pia cheti cha daktari kuthibitisha kwamba sina ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya wala kaswende iliyofika hatua ya tatu. Orodha hii imenifurahisha sana. Kisukari hakimo. Presha haimo. Magoti hayamo. Maradhi yote yanayotupanga foleni kliniki sisi wastaafu mmeyasamehe. Kaswende ya hatua ya kwanza na ya pili naona mmeiachia dhamiri ya mwombaji. Hilo la matende nimelipokea kama salamu maalumu kwa watu wa pwani, ila wazee wenzangu wa barazani wanauliza, kwa heshima zote: mabusha nayo yanahesabiwa? Maana mbu ni yuleyule.

Sasa tuje kwenye fedha. Anayeomba kuongezewa mwaka awe na baht 800,000 benki, takriban shilingi milioni 60 za kwetu, au pato la baht 65,000 kwa mwezi, karibu milioni 5. Mafao yetu, Ndugu Mkuu, hupita kwanza kwenye kikokotoo. Hicho ndicho kilichoamua kuanzia Julai 2022 kwamba mstaafu achukue asilimia 33 kwa mkupuo na kinachobaki aletewe kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 kikalegezwa hadi asilimia 40 kwa baadhi na 35 kwa wengine. Kinachosalia baada ya kuezeka nyumba na kulipa ada za wajukuu hakivuki mpaka wa Horohoro, na ubalozi wenu uko Nairobi.

Lakini tuseme nimezipata. Mnataka zikae benki miezi miwili kabla ya kuomba, zikae zote miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha zisishuke chini ya 400,000 hadi mwaka unaofuata. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani hasa anayestaafu. Fedha zinalala. Hazitumwi sokoni, hazichangii harusi, hazikopwi na shemeji. Mwenye fedha ndiye anayepangiwa kazi: kila siku 90 aripoti anapoishi, na mwenye nyumba naye atoe taarifa ndani ya saa 24 kwamba amepokea mgeni. Sisi tuliokulia chini ya mjumbe wa nyumba kumi utaratibu huo tunaujua, ila mjumbe wetu ukienda kuripoti alikukaribisha kahawa.

Kazi yoyote nyingine mmeipiga marufuku. Hilo litatutesa. Mstaafu wa kwetu huagwa Ijumaa, akakabidhiwa mabati na hotuba ndefu, na Jumatatu anajenga banda la kuku.

Liko pia sharti la kibali cha kurudi, ambalo lingefaa kwanza lijadiliwe na wazee. Mtu aliyeongezewa mwaka akitoka nchini mwenu bila kulipia kibali hicho, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, ruhusa yake ya kukaa inakufa. Mtu aliyepokea simu ya msiba saa tisa za usiku hukumbuka kanzu na nauli. Dirisha la vibali halikumbuki. Nije nimzike shangazi Muheza, na ruhusa yangu niizike pamoja naye?

Nimeuona na mlango wa pili mlioufungua Septemba 2022, wa mstaafu mwenye pato la dola 80,000 kwa mwaka. Huyo anapata miaka 10, anapitishwa njia ya haraka uwanja wa ndege, na kuripoti kwake ni mara moja kwa mwaka. Nimejitahidi kuelewa. Nadhani mwenye dola 80,000 hapotei kirahisi, ila sisi wengine tukiachwa siku 91 tunaweza kusahau tunakoishi.

Sisemi ni ninyi peke yenu. Jirani zetu wa Kenya wana hati ya mgeni anayetaka kukaa tu bila kuajiriwa: awe amepita miaka 35 na awe na uhakika wa dola 24,000 kwa mwaka. Miaka 35! Huku kwetu wapo wenye umri huo ambao bado wanasubiri ajira ya kwanza ya ualimu. Lakini ufukwe wao wa Diani nao una mchanga mweupe, na mchanga mweupe siku hizi hauwafai wenye pensheni ya shilingi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, naomba yafuatayo. Viza itolewe kwa jina la fedha. Nikizipata nitazileta mwenyewe, zilale huko kwa amani, wala hazina matende. Mimi nibaki Tanga na magoti yangu na kuku wangu. Na kama sheria zenu zinaruhusu, naomba nami nipewe kile zilichopewa fedha: miezi mitatu ya kukaa mahali pamoja bila mtu kunigusa.

Nategemea ushirikiano wako.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu,
Tanga.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa, kwa kuwa naye hupenda kujua nani amelala wapi.