Uhuru wa Tithonia

Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, ikikaribia, Likasi huoga. Kingo za barabara zinafyekwa, mitaro inazibuliwa, na njia za gwaride zinafagiliwa mpaka vumbi lenyewe linaona haya. Watu wa salongo, kazi ya pamoja ya usafi, wanatoka na mapanga Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi yenyewe, na wa kwanza kuanguka huwa ni tithonia, lile gugu refu kuliko mtu lenye ua la njano linalojifanya alizeti. Linakatwa, linaburutwa, linatupwa mtaroni au linapakiwa kwenye mkokoteni, na jioni kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Hoja yangu ni kwamba katika shughuli yote hiyo aliyepata uhuru ni tithonia. Vita vyetu dhidi ya magugu havishindwi kwa uvivu, maana watu wanafyeka kweli, wala kwa uhaba wa mapanga. Vinashindwa kwa sababu tunapigana mwezi ambao adui ameshamaliza kazi yake.

Mvua za Katanga huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili. Tithonia, ambayo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, hunenepa miezi yote hiyo, huchanua mvua zinapoaga, na ikifika Juni vichwa vyake vimekauka vikiwa na mbegu tele. Mtu anayeifyeka wakati huo anajitikisia mbegu kichwani mwake mwenyewe. Zinamwingia kwenye kola na kwenye mikunjo ya suruali, zinanasa kwenye sufu ya sweta, maana Juni ni baridi na hakuna anayetoka asubuhi bila sweta, naye anazibeba bila malipo hadi uani kwake. Zilizobaki zinamwagwa na mkokoteni kona kwa kona. Na kama shina lilikuwa bado bichi, mbegu hata haihitajiki, kwa kuwa kipande kilichotupwa penye unyevu huota mizizi. Kisiki nacho hakina habari na gwaride. Mvua ya kwanza ikidondoka, kinachipua kwa wingi mahali palipokuwa na shina moja. Mtu akitaka kueneza mmea kwa bei rahisi, sijui mradi gani ungeushinda huu: wafanyakazi wa bure, usafiri wa bure, na hotuba juu yake.

Kwamba mwezi unaweza kugeuza matokeo ya kazi ileile si maneno ya barazani. Mwaka 1933, ng'ambo ya mpaka huko Ndola, mtaalamu wa mimea C. G. Trapnell alianzisha jaribio katika vipande vya msitu wa miombo. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine kikachomwa mwishoni, kingine kikalindwa kisiguswe na moto. Kiberiti kilikuwa kilekile na nyasi zilezile. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1959 hayakuacha ubishi: penye moto wa mapema msitu uliendelea kuwa msitu, na penye moto wa mwisho miti ilizidi kufa hadi mahali pakaelekea kuwa mbuga ya nyasi. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina maji, kwa hiyo moto unapita chini kwa uvivu. Septemba na Oktoba kila kitu kimekauka, joto limepanda, na miti ya miombo ndiyo kwanza inatoa yale majani machanga mekundu kabla ya mvua. Moto unaikuta imevua silaha. Sasa sisi tunawasha lini? Mwindaji wa panya anangoja nyasi zikauke sawasawa. Mkulima anachoma karibu na mvua ili ikute majivu. Wote wawili, moto ukishavuka mlima, watakuapia kwamba wa kwao waliuacha umelala. Na udongo uliobaki uchi, hasa pale ambapo mchoma makaa naye ameshapita, ndio magugu yanaoupenda kuliko wote.

Msomaji wa Likasi ana haki ya kucheka hapa. Mji huu umezaliwa na shaba. Karibu yake kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Malori yanapita na milima vipande vipande, halafu mtu anakaa kuandika juu ya ua la kando ya njia? Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito, na nusu yake naikubali: hakuna panga litakaloziba shimo la mgodi. Lakini milima hiyo ya shaba ina mimea yake. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 600 zinazoota kwenye udongo wa shaba na kobalti wa Katanga, na zaidi ya 30 kati yake hazipatikani kwingine kokote duniani. Upo mmea mdogo wa maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, unaostahimili shaba ambayo ingeua mahindi. Wanaakiolojia wameufuata na kugundua mahali wazee walipoyeyushia madini karne nyingi zilizopita. Kwa sura hauna hata dalili ya cheo. Mpe mtu panga bila kumwelekeza, atafyeka mwenyeji huyo bila kupepesa jicho, kisha atauzunguka kwa adabu mjakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ili watu wapige picha chini yake. (Mjakaranda naupenda pia. Sisemi ukatwe.) Mashine inafungua udongo, na gugu linafuata nyuma yake kwenye kingo za barabara mpya na marundo yaliyoachwa. Mwenye mashine ana vibali na mawakili. Tithonia haina hata mmoja, kwa hiyo tunaweza kuanza nayo kesho bila kumwandikia mtu barua.

Wengine watasema kazi hii ni ya dawa au ya wadudu, si ya watu wenye mapanga. Dawa tumeijaribu nchi hii hii. Miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji ulinyunyizia kemikali magugumaji ya Mto Kongo. Utawala umeondoka, magugumaji yapo. Wadudu wana rekodi nzuri zaidi. Kwenye Ziwa Victoria, Uganda iliachilia fukusi wa Neochetina mwaka 1995, Kenya ikafuata mwaka 1997, na miaka michache baadaye magugumaji yalikuwa yamepungua sana, ingawa hayakuisha. Ninachokiona katika habari ile ni kwamba fukusi anakula Januari sawasawa na Juni, na hangoji mgeni wa heshima afike ndipo aanze. Hiyo ndiyo sifa ya kumwiga wakati tukiwa hatuna fukusi wetu.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mama mwenye shamba. Januari, atasema, tuko kwenye mahindi, akiba ya unga wa bukari imepungua, barabara ni matope; nani atatoka kwenda kufyeka maua ya serikali? Ana haki, na hatamwelewa mtu atakayemjibu kwa wimbo wa mazingira. Jibu lake liko ndani ya jani lenyewe. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani mabichi ya tithonia, yakikaushwa na kupimwa, yana naitrojeni kiasi cha asilimia 3.5 na potasiamu kiasi cha asilimia 4, na yakifukiwa huoza upesi mno. Mahindi yaliyopandwa Novemba yanahitaji chakula hicho wakati huohuo ambapo gugu ni bichi, laini, na halijafikiria ua. Likingojwa hadi Juni, majani yamekauka na mahindi yameshavunwa, na kinachobaki ni kijiti na mbegu.

Sikukuu nazo hazikosekani, kama shida ni kupata tarehe. Tarehe 4 Januari ni ya mashahidi wa uhuru, tarehe 16 na 17 ni za Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Asubuhi mashujaa wapewe heshima yao, mchana watu wenye mashamba waingie mitaroni na magunia, na yatakayochipua, maana yatachipua, yarudiwe Machi. Najua kitakachotokea. Patazuka ugomvi juu ya nani achukue majani ya barabarani, aliyeyakata au yule ambaye yameota mbele ya lango lake, na shefu wa kartie ataitwa aamue. Heri aitwe. Tithonia inayogombaniwa Januari haifiki Aprili.